Ya Batani au ya Kupangusa? Mjadala wa Mwaloni

Januari 2007, San Francisco, Steve Jobs aliinua iPhone mbele ya ukumbi uliojaa watu. Machi mwaka huohuo Safaricom ikazindua M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Tukio la kwanza liliandikwa na magazeti ya dunia nzima. La pili lilipitia kwenye simu ambazo hakuna aliyezipigia makofi: za batani, kioo kidogo, tochi kichwani. Ukiniuliza ni lipi lililomgusa zaidi muuza nyanya wa Ilula, jibu ninalo.

Ila hiyo ilikuwa 2007. Leo vijana wanasema kitochi kimepitwa na wakati, na wakubwa wao wanajibu kwamba simu za kupangusa zina sifa nyingi kuliko kazi. Ubishi huu umejaa kwenye daladala, kwenye vibanda vya mawakala, hata msibani watu wakisubiri chakula. Nimeupa sauti tatu ili usikike vizuri. Shangazi anauza dagaa kwa jumla Mwaloni Kirumba, Mwanza. Ana kitochi na hana mpango wa kukiacha. Mpwa wake ni fundi simu, meza yake iko Makoroboi. Wa tatu ni katibu wa kikoba cha shangazi, naye atachelewa kidogo kufika. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MPWA: Shikamoo, shangazi.

SHANGAZI: Marahaba, baba. Leo umekuja kunisalimia au kuniuzia simu?

MPWA: Siuzi. Nasema tu kwamba biashara yako imeshaizidi simu yako. Mteja yuko Tunduma, hajawahi kufika Mwanza. Anataka kuona dagaa kabla hajatuma hela: wameanikwa kwenye chanja au mchangani, wamekauka au wamepigwa na mvua. Wenzako wanapiga picha, wanarusha WhatsApp, hela inaingia gari likiwa bado linapakia. Wewe unaeleza kwa mdomo.

SHANGAZI: Picha inaonyesha juu ya gunia. Mchanga unakaa chini.

MPWA: Ndiyo maana anataka picha ya chanja, si ya gunia.

SHANGAZI: Na chanja si naweza kupiga ya jirani? Yule wa Tunduma ananunua kwangu kwa sababu mwaka juzi mvua ilipiga mzigo, nikampigia mwenyewe nikamwambia, huu usichukue. Hilo halipigwi picha.

MPWA: Huyo ni mteja wa zamani. Mpya atakujuaje?

SHANGAZI: Ataulizia.

MPWA: Anaulizia kwenye magrupu, shangazi. Na wewe humo.

Hapa nampa mpwa haki yake. Dagaa wa chanja na dagaa wa mchangani wana bei mbili tofauti, na wengi wa mchangani huishia kwenye chakula cha kuku. Mwenye chanja akipiga picha, picha hiyo ni pesa. Lakini tazama hoja yake imesimama juu ya nini: kazi moja inayotajika, yenye faida unayoweza kuihesabu jioni. Matangazo ya simu hayaongei hivyo. Yanakuonyesha kamera tatu nyuma na msichana anayecheka ufukweni, kisha yanakuachia wewe utafute simu hiyo utaifanyia nini.

SHANGAZI: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mabango yote haya kuanzia Igoma mpaka mjini ni ya nini, kama simu zenyewe ni nzuri hivyo? Hebu niambie, hela ya mteja inaingia wapi? Si humuhumu? Nyota mia na hamsini, nyota sifuri sifuri, reli. Naangalia salio, nalipa wabebaji, nanunua luku, nalipa ushuru kwa control namba, namtumia dada yako ada ya chuo. Ya kwako inalipa nini ambacho yangu hailipi?

MPWA: Inalipa hayohayo, lakini naona miamala ya mwezi mzima imepangwa, na sihitaji kukariri namba.

SHANGAZI: Na bando likikata?

MPWA: Nabonyeza nyota mia na hamsini.

Acha shangazi acheke, ni haki yake. Njia hiyo ya nyota na reli anayoitumia imo kwenye mitandao ya GSM tangu miaka ya 1990. Ujumbe wake haupiti kwenye intaneti, unapita kwenye njia ileile ambayo simu na mnara huitumia kuwasiliana mambo yao ya ndani. Kwa hiyo hautaki bando wala simu ya bei kubwa, na kila ukurasa unaokuja kiooni haubebi zaidi ya herufi 182. Juu ya herufi hizo chache pamejengwa huduma za fedha karibu zote za Tanzania, pamoja na huduma za serikali zinazopatikana kwa *152*00#. Kenya waliiweka menyu ya M-Pesa kwenye laini yenyewe, lakini wazo ni lilelile: kazi nzito inafanyika kwenye mitambo ya kampuni, mkononi unabaki mlango tu. Mwaka 2016 wachumi Tavneet Suri na William Jack walichapisha katika jarida la Science makadirio kwamba M-Pesa iliziondoa kaya 194,000 za Kenya, asilimia 2 ya kaya zote, kwenye umaskini, na kwamba zilizofaidika zaidi ni zile zinazoongozwa na wanawake. Katika miaka waliyoichunguza, simu nyingi mikononi mwa watu zilikuwa za aina ya shangazi.

Kwa hiyo mtu akinihubiria kwamba maendeleo yanaanzia kwenye simujanja, namwomba kwanza anionyeshe programu yake moja iliyofanya nusu ya hayo.

SHANGAZI: Halafu kuna chaji. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Mwezi ukikomaa mitumbwi inapumzika. Giza likianza mimi navuka kwenda visiwani, Ukara huko, nakaa wiki nzima. Kuna kibanda cha kuchajisha: sola juu ya bati, betri ya gari chini ya meza, ubao umejaa soketi, na simu zimelazwa mstari, kila moja ina kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe. Wenye za kupangusa wako pale kila jioni na mia tano zao mkononi. Mimi nachaji Mwanza, narudi Mwanza, bado ina vijiti viwili.

MPWA: Hapo sibishi.

SHANGAZI: Utabishaje, na wewe ndiye unayeona zinavyoletwa?

MPWA: Zinaletwa kioo kimepasuka, sistimu chaji imelegea, betri imevimba mpaka mfuniko umeinuka. Nyingine zimejaa. Simu ya GB 16, nusu imeliwa na programu ilizokuja nazo, nusu nyingine imeliwa na video za magrupu. Mwenyewe analalamika simu imekuwa nzito. Namfutia, baada ya mwezi amerudi. Kitochi kikiletwa kimeingia maji, au batani ya 5 imegoma. Betri unaitoa kwa ukucha, unachomeka BL-5C nyingine, mteja anaondoka. Nimewahi kuletewa Nokia 1100, simu ya mwaka 2003 hiyo. Zile ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na mpaka leo hazijaisha kufa.

SHANGAZI: Kwa hiyo vitochi havikulishi.

MPWA: Ningekufa njaa, shangazi.

SHANGAZI: Sasa piga hesabu. Bando la elfu moja kila siku, mwaka mzima, ni ngapi?

MPWA: Laki tatu na elfu sitini na tano.

SHANGAZI: Na simu yenyewe?

MPWA: Ya kawaida, laki mbili hivi.

SHANGAZI: Basi kila mwaka unanunua karibu simu mbili ambazo huzioni.

MPWA: Mbona hesabu hiyo huipigi kwa mafuta ya boti? Bando ni mafuta. Mimi ufundi mwingi nimejifunzia humu. Simu mpya ikitoka, kabla haijafika Mwanza nimeshaona video ya fundi wa India akiifungua skrubu moja moja. Bila bando ningekuwa bado nabadilisha betri.

SHANGAZI: Wewe unavua nalo, nakubali. Wangapi wanawasha injini boti likiwa nchi kavu?

Hilo la nchi kavu ningependa lijibiwe na wanaouza mabando ya usiku. Lakini mpwa hakulijibu, na kusema kweli halihusu simu peke yake. Turudi kwenye gharama nyingine ambayo haionekani siku ya kununua, nayo mafundi ndio wanaoijua kuliko wauzaji.

MPWA: Kuna hili nalo, shangazi, na ninalisema kwa uchungu. Mtu anakuja na simu nzima. Kioo hakina mkwaruzo, betri inakaa, ameifunga kava mbili. Anasema, fundi, WhatsApp imegoma. Naitazama, Android ya zamani. Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android zilizo chini ya toleo la 5. Kabla ya hapo, mwisho wa mwaka 2018, walizifungia zile Nokia za S40. Na zile za batani zenye KaiOS, tulizoambiwa ni za kati, zina batani na WhatsApp humohumo, nazo zimefungiwa. Mimi sina cha kutengeneza. Simu haina ugonjwa.

SHANGAZI: Imefukuzwa.

MPWA: Imefukuzwa. Na ukiangalia, wanaofukuzwa kwanza ni walionunua za mkononi, zilizokwishatumika na mwenye uwezo.

SHANGAZI: Halafu unataka nikope kununua kitu cha kufukuzwa.

Mkopo upo kweli. Mwaka 2020 Safaricom na Google walianzisha Kenya mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: wakati huo ulitanguliza shilingi 1,000 za Kenya, kisha ukalipa 20 kwa siku kwa miezi tisa, na ukiacha kulipa simu ilijifunga. Siwalaumu walioingia; shilingi 20 kwa siku inapatikana, fedha za mkupuo hazipatikani. Shangazi ana neno lake juu ya hilo.

SHANGAZI: Simu inayojifunga ukiwa umeishika ni ya nani? Tena usinikumbushe mikopo. Binti wa jirani yangu alikopa elfu hamsini humo kwenye simu. Alipochelewa, meseji zikaanza kuingia kwa baba mkwe, kwa mchungaji, kwa bosi wake. Walizipata wapi namba?

MPWA: Aliwapa mwenyewe. Ukipakua ile programu inaomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyoyahifadhi. Watu wanabonyeza kubali, kubali, kubali, kwa sababu wanaiwazia hela.

SHANGAZI: Majina yangu mimi nani atayasoma?

Hakuna. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni, na wengi wa waliokopa huko wana hadithi inayofanana na ya binti huyu: mkopo ulikuwa wake, aibu ikagawiwa ukoo mzima. Hata hivyo kitochi si ngome. Ile meseji ya “ile hela itume kwenye namba hii” haikuhitaji simujanja, na imewaliza watu wenye digrii zao. Anayejifanya ni wa huduma kwa wateja naye anapiga simu ya kawaida kabisa. Tofauti ni kwamba tapeli wa kitochi lazima akuongeleshe, akupate umechoka au una haraka. Yule mwingine unamfungulia mlango mara moja, kisha anajihudumia.

Mpaka hapa shangazi anaongoza, na mimi nilikuwa upande wake. Sasa sikilizeni.

MPWA: Shangazi, bibi anatumia simu gani?

SHANGAZI: Kitochi. Nilimnunulia mimi.

MPWA: Menyu anaisoma nani?

SHANGAZI: Bibi yako hakusoma, unajua.

MPWA: Ukimtumia hela ya matumizi, nani anambonyezea?

SHANGAZI: Mtoto wa jirani.

MPWA: Na namba ya siri?

SHANGAZI: Anayo huyohuyo mtoto. Tutafanyaje?

MPWA: Siku ile nilipokwenda kumwona nilimpa simu yangu amsalimie baba mdogo. Nikamwonyesha picha ya baba mdogo, nikamwonyesha kile kipaza sauti, nikamwambia shikilia hapa uongee. Akaongea. Jibu likaja usiku, akalisikiliza mara tatu, akajibu tena. Hakusoma herufi hata moja.

SHANGAZI: Si angempigia tu?

MPWA: Baba mdogo ni mlinzi. Saa ambazo bibi yuko macho, yeye amelala. Kupiga kunataka wote wawili wawe hewani. Kitochi chako, shangazi, ni kizuri kwa aliyesoma. Kinamtaka mtu asome mistari sita, achague namba, na akikosea arudi mwanzo. Mnaita simu ya watu wa chini, na watu wa chini kabisa wanaiogopa.

Hili sikulitegemea, na linanibana kuliko mambo yote ya kamera. Tumezoea kuiita simu ya batani rahisi kwa sababu ina sehemu chache, lakini huduma zake zote za maana ni maandishi. Mfikirie kiziwi: kwenye kitochi ana meseji tu, wakati lugha yake ni ya mikono na uso; simu ya video inamrudishia mazungumzo. Mfikirie mkulima wa muhogo. Ipo programu inayoitwa Nuru, iliyotengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na watafiti wa IITA. Unaielekeza kamera kwenye jani, nayo inakwambia kwa Kiswahili kama hilo ni batobato au michirizi kahawia, na inafanya hivyo shambani ambako hakuna mtandao. Hizo ndizo ningezipandisha kwenye bango, si yule msichana wa ufukweni. Ila bibi na mkulima wa muhogo ndio walio mwisho kabisa kwenye foleni ya kununua, na simu watakayoipata itakuwa imetumika na mwingine na iko karibu kufukuzwa.

KATIBU: Hodi hapa. Mama, mbona jana hukuja kikobani? Tumekuandikia faini.

SHANGAZI: Jana? Kikao si Jumamosi?

KATIBU: Kilisogezwa. Tangazo liliwekwa kwenye grupu.

SHANGAZI: Grupu gani?

KATIBU: La WhatsApp, mama. Wanachama karibu wote tumo.

MPWA: Unaona, shangazi?

SHANGAZI: Naona. Jana simu yangu ilikuwa na chaji, ilikuwa na salio, na mnara ulikuwepo. Hakuna aliyenipigia.

Hapa ndipo ubishi wa simu ipi inafaa unapoanza kupoteza maana, kwa sababu umeshaamuliwa mahali pengine. Kitochi cha shangazi hakijapungua kitu. Kila kilichoweza kufanya mwaka alipokinunua kinakiweza leo. Waliohama ni watu: kikoba, kamati ya wazazi shuleni, kwaya, ratiba ya michango ya harusi. Kila mmoja alihama kwa sababu yake nzuri, na hakuna hata mmoja aliyekaa akaamua kumwacha shangazi nje. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema simujanja imeshinda kwa ubora wake. Kwa wengi inanunuliwa kama kiingilio.

KATIBU: Mama, tuko thelathini. Nikimwandikia mmoja mmoja nitamaliza saa ngapi? Kwenye grupu naandika mara moja.

SHANGAZI: Tusiokuwemo ni wangapi?

KATIBU: Wanne.

SHANGAZI: Ni meseji nne, katibu.

KATIBU: Si meseji tu. Kila mwisho wa mwezi narusha picha ya daftari la hesabu, kila mtu aone kilichoingia na kilichotoka. Zamani si mlikuwa mnanung’unika kwamba mweka hazina anaficha? Manung’uniko yameisha. Kwenye meseji nitawaandikiaje ukurasa mzima wa daftari?

MPWA: Hapo ana hoja.

SHANGAZI: Ana hoja, na hata mimi daftari nataka kuliona. Basi liandikwe kwenye katiba kwamba kikundi chetu mambo yake yako WhatsApp, na kwenye mfuko wa jamii litengwe bando la wanachama. Simu nitanunua. Ila kulipa kila siku ili nijue kikao changu mwenyewe kitakuwa lini, hapana.

KATIBU: Mfuko wa jamii ni wa misiba na ugonjwa, mama.

SHANGAZI: Na nyie mkifiwa mtanitangazia wapi?

KATIBU: Nitalipeleka kwa mwenyekiti.

MPWA: Kwa hiyo nikutafutie, shangazi?

SHANGAZI: Tafuta. Usinihesabie kamera. Niambie watanifukuza lini.

MPWA: Ya bei yako, ikiwa mpya, utakaa nayo miaka minne, ukibahatika mitano. Ya mkononi siwezi kukuahidi.

SHANGAZI: Mpya basi, ya picha za chanja na daftari. Hela zitabaki kwenye kitochi.

KATIBU: Na faini, mama? Ni elfu mbili.

SHANGAZI: Tutaijadili kikaoni. Siku ya kikao mnipigie.